Kichwa Kikigongwa, Andika Saa: mwongozo kamili wa damu inayogoma kuganda

Kabla ya dripu, kabla ya CT skani (picha ya ndani ya kichwa), hata kabla ya kumuuliza jina, tafuta kalamu na kipande cha plasta. Andika saa aliyogongwa, kisha ubandike plasta hiyo kifuani mwa mgonjwa, mahali ambapo kila atakayemgusa ataiona. Kama hakuna anayejua saa, andika saa ya mwisho alipoonekana mzima.

Nasema hivi kwa sababu nimewahi kupotoshwa na saa. Usiku mmoja tuliletewa kijana wa bodaboda kwa rufaa. Fomu ilisema ajali ilitokea "2:00". Alifika kwetu saa kumi alfajiri, tukaisoma fomu kwa saa za kizungu, tukahesabu saa 2 tu tangu agongwe, tukamwekea dawa ya hatua ya 4 humu, ambayo hutolewa ndani ya saa 3 tu. Alipokuja kaka yake, akasema, "Saa mbili usiku, daktari, taarifa ya habari ilikuwa inaanza." Saa 8 zilikuwa zimepita. Yule kijana hakudhurika na dawa, lakini kwa hesabu ile ingeweza kumdhuru. Tangu siku hiyo kwenye plasta naandika kwa maneno: "saa mbili usiku, Jumanne". Na ninaposema humu saa 3 za kwanza, nina maana ya muda, si saa tatu asubuhi.

Mwongozo huu ni wa aina mbili za watu: ndugu na wapita njia wanaomwokota mgonjwa, na tabibu au nesi wa kituo cha afya ambaye hana daktari wa ubongo karibu. Hatua 1 na 2 ni za wote. Kuanzia ya 3 hadi ya 8 ni za wahudumu, ila ndugu akizisoma hatapungukiwa kitu. Atajua cha kuuliza. Ya 9 mrudi nayo nyumbani.

Kwanza elewa damu inafanya nini

Damu ina kazi mbili zinazopingana: kuganda pale mshipa unapopasuka, na kuyeyusha bonge lile kazi ikiisha. Kwa mtu mzima wa afya kazi hizi zinasubiriana. Kichwa kikigongwa vibaya, zinaingiliana.

Tishu ya ubongo imejaa kichocheo cha kugandisha damu kuliko karibu kiungo kingine chochote. Ubongo ukipondeka, kichocheo hicho huvujia kwenye mzunguko wa damu, na damu huanza kuganda ovyo, hata mahali pasipo na jeraha. Malighafi zinaisha: faibrinojeni, ile protini inayofumwa kuwa nyuzi za bonge, inapungua, na chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba tundu la mshipa, zinapungua au zinachoka. Wakati huohuo kuta za mishipa iliyoumia zinatoa kimeng'enya kinachoamsha plasmini, na plasmini ndiyo mkasi unaokata nyuzi. Kwa hiyo bonge linafumwa kwa nyuzi haba, na mkasi nao unakata. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu wenye jeraha la ubongo anafika hospitali vipimo vyake vya kuganda tayari vimeharibika, hata kama hajawahi kumeza dawa yoyote ya damu.

Tatizo si wingi wa damu inayotoka. Fuvu ni sanduku lililofungwa. Damu ya mililita 30 kati ya fuvu na utando wa ubongo, yaani vijiko viwili vikubwa vya chakula, haijazi hata kikombe cha kahawa cha barazani, lakini ndicho kiwango ambacho wapasuaji wa ubongo wanakihesabu kuwa damu lazima itolewe. Mguuni mililita 30 ni alama ya bluu tu.

Baada ya saa kadhaa upepo unageuka. Mwili unaufungia mkasi, na mgonjwa yuleyule aliyekuwa anavuja anaanza kuganda kupita kiasi, mara nyingi kwenye mishipa ya miguu. Dawa inayomwokoa saa ya kwanza inaweza isimfae kitu saa ya tano. Ndiyo maana ya plasta.

Hatua ya 1: Barabarani

Usimkalishe. Usimpe maji, soda, wala kahawa ya kumwamsha. Mlaze, na mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kikae sawa na shingo, kwa sababu pigo lililotosha kumzimisha linatosha pia kuvunja shingo. Kama anatapika au anakoroma, mgeuzeni ubavu mzima kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili, kama gogo. Helmeti itolewe na watu wawili: mmoja anashika taya na kisogo kutoka chini, mwingine anaitanua na kuivuta taratibu. Kama uko peke yako na anapumua vizuri, iache.

Ngozi ya kichwa huvuja damu kama bomba. Kunja khanga au kitambaa safi, kandamiza kwa kiganja, usifunuefunue kuangalia. Kama unahisi mfupa umebonyea au unacheza, usikandamize katikati. Zungusha kitambaa pembeni mwa jeraha. Damu au maji yakitoka sikioni au puani, usizibe kwa pamba. Weka kitambaa juu juu, yatoke. Yakizuiwa, vijidudu hupata njia ya kupanda ubongoni.

Mfunike. Watu hulisahau hili kwa sababu nchi yetu ni ya joto, lakini mtu aliyelala kwenye lami usiku, nguo zimelowa damu na mvua, hupoa upesi, na damu iliyopoa haigandi vizuri.

Usafiri: gari lolote linaloweza kumlaza. Mshikaki wa bodaboda, mgonjwa amebanwa katikati na kichwa kinaning'inia, ndio usafiri ninaouogopa kuliko wote, na ndio unaotumika zaidi. Kama hakuna kingine kabisa, bajaji ina nafuu. Piga simu mnakokwenda kabla hamjafika.

Hatua ya 2: Kusanya dawa zake, si majina ya dawa zake

Ndugu mmoja arudi nyumbani akakusanye vidonge vyote vilivyo kwenye droo, kwenye mkoba na chini ya mto, avilete na makaratasi yake. "Anakunywa dawa ya presha" ni jibu linaloficha mengi, maana kati ya vile vya presha mara nyingi kuna kidonge kidogo cha aspirini. Aspirini huzizima chembe sahani kwa maisha yake yote, na chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Kuiacha jana hakusaidii kitu leo.

Unazozitafuta hasa ni dawa zinazozuia damu kuganda: warfarini (waliobadilishiwa vali za moyo huitumia maisha yao yote), rivaroksabani na ndugu zake, klopidogreli, na aspirini. Uliza pia kuhusu pombe ya muda mrefu, ugonjwa wa ini, na kama aliwahi kutoka damu isiyokoma baada ya kung'oa jino au kutahiriwa. Kwa mwanamke, uliza mimba.

Hatua ya 3: Dakika 10 za kwanza kituoni

Njia ya hewa, oksijeni, mshipa wa dripu, presha, sukari. Sukari hasa: mlevi aliyeanguka na mwenye kisukari aliyeanguka wanafanana kabisa sakafuni.

Presha, ile namba ya juu, isishuke chini ya 110. Ubongo ulioumia hauvumilii hata kipindi kifupi cha presha ya chini wala cha kukosa hewa. Lakini usimfurikishe kwa dripu za chumvi pia. Kila lita unayomimina inavitia maji vigandishi vilivyobaki, na kama dripu ilikaa kwenye chumba baridi inampoza. Mpe kiasi cha kuishikilia presha, basi. Dripu ya sukari usiiweke, isipokuwa sukari yake imeshuka kweli.

Kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotungwa 1974, kina alama 15: macho 4, kuongea 5, mwendo wa viungo 6. Alama 13 hadi 15 ni jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, 8 kushuka ni kubwa. Andika zote tatu mbalimbali, usiandike jumla pekee. Angalia mboni kwa tochi: zinalingana? zinabana? Rudia kila nusu saa mpaka afike 15. Akishafika, kila nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4, kisha kila baada ya saa 2. Kazi hii inachosha usiku, lakini ndiyo CT skani ya asiye na CT skani. Mgonjwa wa damu ya juu ya utando anaweza kuzinduka, akaongea, akaomba simu yake, kisha akazimika tena baada ya saa moja. Wanaokufa hivyo ni wale walioandikiwa "ana nafuu" na kuachwa.

Mambo mawili ya kutofanya. La kwanza, sindano ya diklofenaki ya maumivu. Iko kila mahali na mkono wa mhudumu unaifuata wenyewe, lakini nayo inazipumbaza chembe sahani, na ibuprofeni vilevile. Tumia parasetamoli. La pili, deksamethasoni "ya kupunguza uvimbe wa ubongo". Utafiti mkubwa wa CRASH, uliochapishwa 2004 ukiwa na wagonjwa 10,008, ulitazama dawa za jamii hiyo kwa waliogongwa kichwa, na waliopewa walikufa wengi kuliko wasiopewa. Miaka zaidi ya 20 imepita, na bado naikuta kwenye mafaili.

Hatua ya 4: Asidi ya tranexamiki, kabla saa 3 hazijaisha

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu dawa hii ni ya bei ndogo na inapuuzwa.

Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, waliokuwa Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo; taarifa yao ilitoka 1962. Baada ya vita vifaa vilikuwa haba, wakachagua kuchunguza damu kwa sababu ikiwaishia wangeweza kuchota yao wenyewe. Walianza na lisini, moja ya matofali ya protini, wakaona inapunguza kidogo kazi ya ule mkasi, wakaibadilisha hatua kwa hatua mpaka wakapata molekuli yenye nguvu nyingi zaidi.

Siri yake iko kwenye umbo. Plasminojeni, yaani mkasi kabla haujafunguliwa, hujishika kwenye nyuzi za faibrini kwa vishimo vinavyoitambua lisini. Asidi ya tranexamiki inafanana na lisini kiasi cha kuviziba vishimo hivyo, mkasi ukakosa pa kushika. Haigandishi damu, inalilinda bonge ambalo mwili umeshalifuma. Ukielewa tofauti hiyo utaelewa kwa nini ikichelewa haina kazi: bonge lililokwisha kukatwa haliunganishiki.

Molekuli yenyewe ni duara la kaboni sita lililokunjwa kama kiti, lenye mkono wenye naitrojeni upande mmoja na mkono wa asidi upande wa pili. Mikono hiyo inaweza kuelekea pande zinazopingana au kuinamia upande mmoja. Atomi ni zilezile, idadi ileile, lakini ile yenye mikono iliyopishana ndiyo dawa. Ile iliyoinama ni dhaifu mno. Wanakemia hutofautisha maumbo kama haya kwa kupitisha miali ya eksirei kwenye fuwele na kusoma jinsi inavyotawanyika, hadi kila atomi ijulikane imekaa wapi. Ndani ya fuwele ya dawa hii, mkono mmoja una chaji chanya na wa pili chaji hasi, kwa hiyo kila molekuli inamshika jirani yake kichwa kwa mkia, kama mabehewa ya treni. Ndiyo sababu unga wake mweupe haulainiki kwa joto la kawaida, unayeyuka upesi kwenye maji, na kwenye pombe unagoma. Kwa mtunza stoo tafsiri yake ni nyepesi: haihitaji friji. Kituo kisicho na umeme wa uhakika kinaweza kuitunza bila wasiwasi.

Na pengine tayari unayo. Ukiambiwa stoo haina, nenda leba. Wakunga wanaitumia kwa wazazi wanaovuja damu, na sanduku lao la dharura mara nyingi linayo wakati dirisha la dawa limeandikwa "imeisha".

Ushahidi wake uko hivi. CRASH-2 ya 2010, wenye majeraha makubwa ya mwili 20,211, ilipunguza vifo kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5, na uchambuzi wa mwaka uliofuata ukaonyesha kuwa baada ya saa 3 dawa ileile inaweza kuongeza vifo vya kuvuja damu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwa majeruhi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. CRASH-3 ya 2019 ndiyo ya kichwa hasa: wagonjwa 12,737, hospitali 175, nchi 29. Kwa wote waliotibiwa ndani ya saa 3, vifo vya kichwa vilikuwa asilimia 18.5 kwa waliopewa dawa dhidi ya 19.8 kwa wasiopewa, tofauti ndogo isiyo na uhakika. Lakini kwa wenye jeraha dogo na la kati ilikuwa 5.8 dhidi ya 7.5, na hapo faida inaonekana wazi. Waliofika hali mbaya kabisa hawakunufaika dhahiri. Utafiti mwingine wa Marekani, 2020, ulioitoa kwenye gari la wagonjwa, haukuona tofauti ya hakika katika uwezo wa watu kujitegemea baada ya miezi 6. Basi usimwahidi ndugu muujiza. Mwambie ni dawa nyepesi inayosaidia baadhi, na zaidi wale ambao bado wanaonekana "si wabaya sana". Kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida kwa takriban asilimia 10. Hesabu hiyo ilitoka kwenye tafiti za kuvuja damu zilizounganishwa.

Nani apewe: mtu mzima aliyegongwa ndani ya saa 3, mwenye Glasgow 12 au chini, au ambaye CT imeonyesha damu. Aliye na 15 na hana dalili haihitaji.

Namna ya kutoa kama ilivyotumika CRASH-3: ampuli nyingi ni miligramu 500 ndani ya mililita 5, kwa hiyo vunja mbili, zitie kwenye mililita 100 za dripu ya chumvi, ziende kwa dakika 10. Ukiisukuma haraka presha inaanguka. Kisha ampuli nyingine mbili ndani ya mililita 500 za chumvi kwa saa 8. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 21 kwa dakika. Hesabu kwa saa yako ya mkononi, usikadirie kwa macho. Mtoto hupewa miligramu 15 kwa kilo, isizidi gramu 1, kisha miligramu 2 kwa kilo kila saa. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 umechagua gramu 2 kwa mkupuo, kabla saa 2 hazijapita tangu agongwe. Fuata ulioko hospitalini kwenu, usichanganye miwili. Usiitie kwenye mrija mmoja na damu wala penisilini. Mwenye figo mbovu anahitaji dozi ndogo, na dozi kubwa mno huleta degedege.

Onyo moja litoke kwa herufi nzito: ampuli yake isikae rafu moja na dawa ya ganzi ya mgongo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya wagonjwa kuchomwa asidi ya tranexamiki mgongoni kwa kudhaniwa ni bupivakaini, kwa kuwa ampuli hufanana. Kosa hilo huua. Tenganisha rafu leo, si siku ya ukaguzi.

Hatua ya 5: Chupa ya kioo na dakika 20

Maabara ikiwa na mashine, omba INR (kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani), muda wa kuganda, chembe sahani na faibrinojeni, na kundi la damu kwenye sampuli hiyohiyo. Isipokuwa na mashine, kuna kipimo ambacho wanaotibu walioumwa na nyoka wanakijua.

Chukua chupa ndogo ya kioo, mpya, kavu. Ya plastiki haifai, na iliyooshwa kwa sabuni haifai, kwa sababu ni ule uso wa kioo unaoiamsha damu. Chota mililita 2 kutoka mkono usio na dripu, itie, isimamishe mezani mahali pasipotikisika, andika saa. Ondoka. Kishawishi ni kuinamisha dakika ya saba "kuona imefikia wapi", usifanye, utaivuruga. Dakika 20 zikitimia inamishe mara moja. Damu yenye afya inabaki imeshika chini kama kipande cha ini, na maji ya njano kidogo pembeni. Damu mbovu inateleza yote hadi mdomoni mwa chupa, nyekundu, nyepesi, kana kwamba umeichota sasa hivi.

Ikiteleza, faibrinojeni imekaribia kwisha, na usisubiri jibu lingine. Ikiganda, usishangilie: kipimo hiki kiliundwa kwa sumu ya nyoka na kinashika uharibifu mkubwa tu. Chembe sahani zilizopumbazwa na aspirini hakizioni kabisa.

Hatua ya 6: Rudisha kilichopungua

Kwa anayetumia warfarini, vitamini K miligramu 10 kwenye mshipa, polepole, mara moja. Inachukua saa kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo iende sambamba na plazma (maji ya damu yenye vigandishi) iliyohifadhiwa kwenye barafu, takriban mililita 15 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji mililita 900, si mfuko mmoja wa kuonyesha kwamba tumefanya kitu. Palipo na unga wa vigandishi wa viwandani, huo ni bora zaidi: unafanya kazi upesi na haumjazi maji.

Hospitali nyingi za wilaya zina damu nzima tu, yaani isiyotenganishwa. Iliyotolewa siku hiyohiyo bado ina chembe sahani zilizo hai na vigandishi vyake. Iliyokaa friji wiki mbili inabeba oksijeni lakini haisaidii sana kugandisha. Ndiyo maana ndugu waliojazana nje wakiuliza wafanye nini, jibu liko mkononi mwao. Kabla ya upasuaji wa kichwa wapasuaji wanataka chembe sahani zizidi 100,000. Ukimwongezea mifuko kadhaa, kumbuka kalsiamu, kwa sababu dawa inayozuia damu kuganda mfukoni huinyakua kalsiamu ya mgonjwa pia.

Hatua ya 7: CT skani na rufaa

Si kila aliyegongwa anahitaji CT, na wengine hulipishwa bure. Anayehitaji ni aliye chini ya 15 saa 2 baada ya ajali, aliyetapika mara mbili au zaidi, mwenye dalili za fuvu kuvunjika (macho meusi kama miwani, alama ya bluu nyuma ya sikio, maji puani), aliyepata degedege, mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, asiyekumbuka nusu saa au zaidi kabla ya pigo, aliyegongwa na gari akitembea au kurushwa nje ya gari, na yeyote anayetumia dawa ya damu hata akiwa anacheka.

Usimcheleweshe mgonjwa ukisubiri CT ya mji mwingine ndipo uanze hatua ya 4. Anza, kisha msafirishe kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuzi 30, shingo imenyooka, kola isimkabe. Kwa Tanzania wengi wa ukanda wa Pwani huishia MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo pale Muhimbili. Popote aendako, piga simu na usome plasta: saa ya ajali, Glasgow sehemu tatu, mboni, dozi ya kwanza imeanza saa ngapi, ya pili imebaki kiasi gani kwenye chupa. Na CT ya kwanza ikiwa safi kwa mtu wa warfarini, aendelee kulazwa na kuangaliwa.

Hatua ya 8: Siku ya pili na ya tatu, tazama miguu

Sasa upepo umegeuka. Mgonjwa aliyelala hajitikisi, damu yake inataka kuganda. Kila asubuhi funua shuka ulinganishe mashavu ya miguu: mmoja umevimba? una joto? Mnyooshe na kumkunja miguu mara kadhaa kwa siku. Ndugu wanaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko sisi. Sindano ndogo za heparini za kuzuia bonge huanza mara nyingi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, CT ikishaonyesha kwamba damu ya kichwani haiongezeki, na uamuzi huo ni wa daktari anayemtibu. Akianza ghafla kuhema na oksijeni kushuka, fikiria bonge limepanda mapafuni kabla hujaandika nimonia.

Hatua ya 9: Nyumbani

Aliyeruhusiwa awe na mtu wa kulala naye chumba kimoja saa 24 za mwanzo. Mwache alale, usingizi haumuui, ila mwamshe mara moja mbili ajibu jina lake na mahali alipo. Arudi upesi akitapika tena, akisinzia kupita kawaida, kichwa kikizidi kuuma, kiungo kikilegea au akipata degedege. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni wiki hiyo zikae mbali. Warfarini asiirudie wala asiiache kwa ushauri wa jirani. Mwenye vali ya bandia akiiacha holela anapata hatari ya upande wa pili.

Wazee wana hesabu yao. Ubongo wao umesinyaa kidogo, vijishipa vinavyouunganisha na utando vimevutika, na pigo dogo huvipasua. Damu inachuruzika kidogokidogo kwa wiki. Babu anaanza kukosea majina, kikombe cha chai anakiweka pembeni ya meza kinaanguka, mguu mmoja unaburuta. Watu wanasema uzee. Ukiuliza kama aliwahi kugongwa kichwa, nyumba nzima inakana, mpaka mjukuu aliyekaa mlangoni aseme kwamba siku ile ya mvua, kabla shule hazijafungwa, babu alijigonga kwenye mwimo wa mlango wa choo. Hesabu wiki tangu siku hiyo, iandike, na umpeleke babu kwa daktari pamoja na vidonge vyake vyote. Damu ya aina hiyo mara nyingi hutolewa kwa tundu dogo moja au mawili, na mzee akarudi akiwaita wote kwa majina yao.